Kesi ya trafiki si kesi yako: kudai fidia ya majeraha bila wakili

Mama yule alifika barazani kwetu kabla jua halijakolea, amejifunga khanga mbili, mguu wa kulia anauvuta kidogo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaketi kwenye benchi na kutoa bahasha ya kaki iliyolainika kwa kushikwashikwa. "Mwanangu," akasema, "nimekuja kuulizia hela yangu. Kesi iliisha zamani, wakasema yule dereva kashindwa. Mbona siitwi kuchukua?"

Ni muuza mboga wa soko la Majengo, hapa Dodoma mjini. Pikapu ilimgonga akivuka barabara, mfupa wa paja ukavunjika. Dereva akafikishwa mahakamani, akatiwa hatiani kwa kuendesha kwa uzembe, akalipa faini, akaenda zake. Mama alikuwa ametoa ushahidi katika kesi hiyo, akaelewa kwamba ameshinda, akarudi nyumbani kungoja. Siku aliyokuja kwetu ilikuwa miaka mitatu na miezi miwili tangu agongwe.

Nilihesabu tarehe zile kwenye kalenda ya ukutani, nikarudia, nikarudia tena. Faini ile iliingia serikalini siku ileile ilipolipwa. Kesi ya kumfidia yeye haikuwahi kufunguliwa na mtu yeyote, na muda wa kuifungua ulikuwa umekwisha miezi miwili kabla hajakanyaga baraza letu. Kumwambia hivyo mtu mzima aliyekuja na matumaini yake ndani ya bahasha ni jambo ambalo sijalizoea, na sitaki kulizoea.

Mimi si wakili. Ni msaidizi wa kisheria, kazi inayotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Siruhusiwi kusimama mahakamani kwa niaba ya mtu wala kumtoza hela. Ninachoweza ni kumweleza mtu njia ilivyo, na njia ya kudai fidia ya majeraha ni ndefu lakini inapitika. Sheria ya Mwenendo wa Madai inamruhusu kila mtu kufungua na kuendesha shauri lake mwenyewe. Tangu marekebisho ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, kwa hiyo ile hofu ya "Kiingereza changu hakitoshi" haina tena nafasi. Wengi wanaoshindwa hawashindwi kwa kukosa ufasaha. Wanashindwa na tarehe, na karatasi, na jina la mtu wasiyepaswa kumshtaki.

Ajali moja, kesi mbili

Gari likikugonga, huzaliwa mambo mawili yanayofanana sura. La kwanza ni jinai: dereva amevunja Sheria ya Usalama Barabarani, na anayemshtaki ni Jamhuri. Wewe uliyevunjwa mguu ni shahidi tu. Dereva akishindwa, atapigwa faini au kufungwa, na faini ni mali ya serikali. La pili ni madai: dereva amekutendea uzembe uliokuumiza na kukutia hasara, nawe unamdai akufidie. Hili hakuna askari wala mwendesha mashtaka atakayekufungulia. Ni lako.

Mahakama ya jinai inaweza, ikimtia mtu hatiani, kuamuru pia amlipe fidia aliyemuumiza. Ukiwa shahidi, mwambie mwendesha mashtaka mapema kwamba unaomba ombi hilo litolewe, na mpe risiti zako. Lakini usiliwekee tegemeo. Mara nyingi halitolewi, na likitolewa kiasi huwa kidogo.

Kesi ya jinai hata hivyo ina faida kubwa ambayo watu hawaijui. Chini ya Sheria ya Ushahidi, hukumu ya jinai ikishakuwa ya mwisho, yaani muda wa rufaa umepita au rufaa imeamuliwa, inachukuliwa kuwa uthibitisho kamili wa hatia hiyo. Maana yake ni kwamba ukifungua madai, huanzi upya kubishana kama dereva alikuwa mzembe au la. Unapeleka nakala ya hukumu iliyothibitishwa na mahakama, na mzigo unaobaki ni kuonyesha madhara. Ila sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma: akiachiwa huru, kuachiwa kwake nako kunachukuliwa vivyo hivyo. Ndiyo maana ushahidi wako kwenye kesi ya trafiki si wa kwenda kuupitisha tu. Na kama dereva alilipa faini ya papo kwa papo barabarani, elewa kwamba hapo hakuna hukumu ya mahakama ya kuitumia.

Miaka mitatu

Sheria ya Ukomo wa Muda imetoa miaka mitatu kwa madai yanayotokana na uzembe na makosa mengine ya aina hiyo. Hesabu inaanza siku ulipoumizwa. Haisimami kwa sababu kesi ya trafiki bado inaendelea, wala kwa sababu mmiliki wa gari anasema "tutaongea mwisho wa mwezi", wala kwa sababu bado umelazwa. Shauri lililofunguliwa nje ya muda hutupwa hata kama mdaiwa mwenyewe hakulalamika, kwa kuwa sheria inaiagiza mahakama ilitupe. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na katika jambo hili huumiza mara ya pili mtu aliyekwisha kuumizwa.

Aliyeumia akiwa chini ya miaka 18 ana nafuu: muda wake unaanza kuhesabiwa akishafikisha umri huo, ingawa mzazi au mlezi anaweza kumfungulia shauri mapema, na ni vizuri afanye hivyo mashahidi wangali wapo.

Aliyeumia kazini, akitekeleza kazi ya mwajiri, njia yake ni nyingine: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yaani WCF. Huko ajali iripotiwe ndani ya miezi 12. Vijana wengi wa kwenye ujenzi hapa Dodoma hudhani kwamba kwa kuwa ni vibarua hawana haki huko, wakaishia kupokea elfu hamsini ya msimamizi. Nenda ukaulize kwanza.

Nani unamshtaki, na wapi

Dereva ndiye aliyetenda, kwa hiyo yumo. Lakini dereva wa kuajiriwa mara nyingi hana cha kulipa, ndiyo maana sheria inamwajibisha pia mwajiri kwa uzembe wa mfanyakazi wake akiwa kazini. Kwa hiyo unahitaji jina la mmiliki kama lilivyoandikwa kwenye kadi ya gari, na si "bosi wa pikapu nyeupe". Namba ya usajili ndiyo ufunguo. Mafaili ya polisi wa usalama barabarani huwa na jina hilo, na rekodi za usajili wa magari ziko TRA, mamlaka ya mapato. Kama mmiliki ni kampuni, andika jina la kampuni kama lilivyosajiliwa, kwa sababu ukikosea jina unaweza kushinda kesi dhidi ya mtu asiyekuwepo. Kwenye bodaboda mambo huwa magumu kidogo: kijana anaendesha kwa "mkataba", kadi ina jina la mtu mwingine, na huyo mwingine atasema pikipiki ameshaiuza. Wataje wote wawili, kila mmoja ajieleze mwenyewe mbele ya hakimu.

Kisha bima. Kila chombo cha moto barabarani kinatakiwa kiwe angalau na bima ndogo, ile inayomlinda mtu wa tatu, ambaye ndiye wewe. Kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka inayosimamia bima, unaweza kuingiza namba ya usajili ukaona kama gari lilikuwa na bima na kampuni gani iliikatia. Fanya hivyo wiki ileile ya ajali, upige picha ya unachokiona. Kampuni ya bima inawajibika kulipa hukumu iliyotolewa dhidi ya mteja wake, lakini sheria inataka iwe imejulishwa kuhusu shauri. Iandikie barua kabla hujafungua, uambatishe nakala za nyaraka zako, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Barua isiyo na muhuri wa kupokelewa ni kama hukuipeleka. Wakati mwingine barua hiyo peke yake inamaliza jambo, kwa kuwa bima wanajua gharama ya kwenda mahakamani kuliko wewe. Wakikataa bila sababu ya maana, yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, anayesikiliza malalamiko ya watu dhidi ya kampuni za bima.

Kuhusu mahakama yenyewe, kosa linalorudiwa sana ni kukimbilia Mahakama ya Mwanzo kwa kuwa iko karibu na ada yake ni ndogo. Mahakama ya Mwanzo kwa upande wa madai inashughulika na mambo ya sheria za kimila na za Kiislamu, na madeni ya mikataba yenye thamani isiyozidi kiwango kilichowekwa. Sheria ya uzembe haimo humo. Ilitufikia kutoka sheria ya kawaida ya Uingereza, ambayo Tanganyika iliipokea kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, na inasikilizwa kuanzia Mahakama ya Wilaya. Aliyegongwa Kibaigwa anaweza kufungua Mahakama ya Wilaya ya Kongwa, ambako ajali ilitokea, au kule anakoishi mdaiwa. Hapo anachagua mdai.

Mahakama ya Wilaya husikiliza madai ya aina hii yasiyozidi shilingi milioni 200. Kinachohesabiwa katika kupima kiwango hicho ni fidia maalumu, zile hasara zenye risiti na hesabu. Maumivu na mateso hayaingii kwenye hesabu hiyo. Mtu mwenye risiti za milioni nne na laki sita akiandika kwamba anadai pia milioni 500 za maumivu ili aende Mahakama Kuu, atarudishwa.

Sasa jambo la Dodoma hasa. Tangu serikali ihamie hapa, barabara zetu zimejaa magari yake. Tazama namba: zinazoanzia na ST ni za serikali kuu, SM za serikali za mitaa, SU za mashirika ya umma. Ukigongwa na gari la aina hiyo, mambo yote niliyosema kuhusu Mahakama ya Wilaya yanabadilika. Lazima utoe kwanza notisi ya siku 90 kwa taasisi husika, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Shauri linafunguliwa Mahakama Kuu, na tangu marekebisho ya mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe hata kama unayemdai ni halmashauri. Ukisahau hili, shauri linaondolewa. Hapa sioni aibu kusema: usiende peke yako.

Bahasha ya kaki

Narudi kwenye bahasha ya yule mama, maana ndani yake ndimo kesi inamoishi. Tulipoimwaga mezani kulikuwa na fomu ya polisi ya PF3, kadi ya kliniki, picha ya eksirei, na risiti kama ishirini hivi. Nikachukua risiti moja ya duka la dawa, ya mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi. Ilikuwa nyeupe. Nikaigeuza, nyeupe. Nikaipeleka dirishani kwenye mwanga, nikaona kivuli cha namba mbili tatu na neno "JUMLA", baada ya hapo hakuna kitu. Risiti kumi na moja zilikuwa hivyo. Karatasi ya EFD haichapwi kwa wino, huchomwa kwa joto, na ukiiweka kwenye nyumba ya bati hapa kwetu mwezi wa kumi na moja, maandishi yanakwenda yenyewe.

Sheria ya fidia maalumu haina huruma na karatasi nyeupe. Mahakama ya Rufani ilisema katika shauri la Zuberi Augustino dhidi ya Anicet Mugabe, lililochapishwa mwaka 1992, kwamba fidia maalumu lazima itajwe kimahsusi na ithibitishwe. Uamuzi huo umerudiwa na mahakama zetu mara nyingi mno. Kutajwa kimahsusi ni kuandika: dawa, shilingi 86,500, nauli ya bajaji kwenda na kurudi kliniki, safari 14, kila moja shilingi 8,000, magongo, shilingi 45,000. "Nimetumia kama milioni tatu hivi" haimo. Kuthibitisha ni kuleta risiti inayosomeka, au mtu aliyepokea hela hiyo aje aseme.

Kwa hiyo siku ileile unayopewa risiti, itoe fotokopi na uipige picha. Andika nyuma ya ile halisi, kwa kalamu, ilikuwa ya nini. Ihifadhi halisi hata ikififia, maana mahakama itataka kuiona. Mwenye bajaji hatoi risiti, basi mwombe akuandikie kwenye daftari tarehe, safari na kiasi, aweke jina, namba ya simu na saini. Mpe heshima yake, mweleze kwamba huenda ukamwita kuwa shahidi. Wengi hukubali.

PF3 ni fomu ya polisi anayojaza daktari kueleza majeraha. Matibabu ya dharura hayapaswi kusubiri karatasi hiyo, lakini ifuatilie upesi, na usome alichoandika daktari kabla hujaondoka. Nimeona PF3 imeandikwa "maumivu ya mguu" kwa mtu aliyevunjika. PF3 halisi mara nyingi hubaki kwenye jalada la kesi ya trafiki kama kielelezo, kwa hiyo toa nakala mapema, au uombe mahakama ile ikupe nakala iliyothibitishwa. Omba pia ripoti ya ukaguzi wa gari na mchoro wa eneo la ajali. Na baadaye, ukishapona kadiri ya kupona, rudi kwa daktari akuandikie ripoti ya hali uliyobaki nayo: mguu umepungua kiasi gani, unaweza kusimama muda gani, ulemavu ni wa kudumu au la.

Linalowashinda wengi ni kipato. Mtumishi ana hati ya mshahara. Muuza mboga ana nini? Wanasheria wa upande wa pili watamwambia hakimu kwamba huyu mama hakuwa na kipato kinachojulikana, na asipojiandaa maneno hayo yatapita. Lakini kipato cha sokoni huacha nyayo. Kuna risiti za ushuru wa soko. Kuna taarifa ya miamala ya simu ya miezi sita kabla ya ajali na miezi sita baada yake, ambayo kampuni ya simu inakupa ukiomba. Kuna daftari la VICOBA, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, linaloonyesha alikuwa akinunua hisa kila wiki, kisha safu inakuwa tupu kuanzia wiki ya ajali. Yupo mkulima wa Hombolo anayemletea mchicha kwa jumla na anajua alikuwa akichukua mafungu mangapi. Safu tupu kwenye daftari la VICOBA inaongea kuliko kiapo.

Picha na ujumbe wa WhatsApp vinakubalika kuwa ushahidi tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, mradi uweze kueleza vilitoka simu gani, nani alipiga, na kwamba havikuchezewa. Usibadilishe simu ukafuta vya zamani.

Karatasi moja nikuonye usiisaini haraka. Siku ya pili au ya tatu, ndugu wa dereva watakuja hospitali na matunda na makubaliano: "Nimepokea shilingi laki mbili na sina madai mengine." Wewe unaumwa, dawa zinahitajika, unasaini. Karatasi hiyo itatolewa mahakamani kama ngao. Kama unahitaji hela ya matibabu, pokea na uandike kwamba ni ya matibabu tu, na madai mengine yanabaki.

Kuandika hati ya madai

Hati ya madai huanza na jina la mahakama, majina ya wahusika na wanakoishi, kisha aya zenye namba. Ieleze lini na wapi sababu ya madai ilizaliwa, kwa nini mahakama hiyo ina mamlaka, thamani ya madai, na unachoomba. Mwisho unathibitisha kwamba yaliyoandikwa ni kweli, unasaini, na chini kunaandikwa nani ameiandaa. Kama ni wewe, andika jina lako.

Hiyo "imeandaliwa na" isiwe uwanja wa vishoka. Nje ya mahakama nyingi utakutana na mtu mwenye kompyuta mpakato anayejiita wakili, anakutoza elfu themanini, anakupa hati ya kesi ya mtu mwingine iliyobadilishwa majina. Sheria ya Mawakili inamkataza asiye wakili kuandaa nyaraka hizo kwa malipo, na hati ikija kuwa na kasoro hutamwona tena.

Aya niliyoletewa na kijana mmoja wa Nkuhungu ilisema: "Mdaiwa ni mtu mwenye dharau asiyejali wanyonge na aliniharibia maisha yangu yote." Naamini kila neno. Lakini hakimu hawezi kuamua kesi kwa aya hiyo. Tuliketi naye mchana mzima, akaandika upya kwa mkono wake: "Kwamba majira ya saa 12:30 jioni, mdaiwa wa kwanza, akiendesha pikapu mali ya mdaiwa wa pili kuelekea mjini, aliyapita magari mawili kwenye kona, akaingia upande wa kulia wa barabara na kumgonga mdai aliyekuwa akiendesha baiskeli ukingoni mwa upande wake." Chini yake akaorodhesha uzembe wenyewe: kupita gari jingine kwenye kona, kutopunguza mwendo, kuhama upande. Uzembe usioelezwa kwa matendo ni tusi tu.

Fidia ya jumla, yaani ya maumivu, ulemavu na maisha yaliyopungua ladha, hukadiriwa na mahakama yenyewe. Huhitaji risiti, lakini eleza kwa vitu. "Siwezi kuchuchumaa, kwa hiyo siwezi kupanga mboga chini wala kutumia choo cha shimo bila kushikiliwa" ni sentensi yenye uzito kuliko kutaja mamilioni.

Kufungua siku hizi hupitia mfumo wa kielektroniki wa Mahakama. Ukiingiza nyaraka unapata namba ya malipo, unalipa ada kwa simu au benki. Asiyeuweza mfumo aende masjala aombe msaada. Hapa mjini kuna Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki, ambako ngazi kadhaa za mahakama ziko chini ya paa moja, na makarani huko wamezoea watu kama sisi. Asiyeweza kabisa kulipa ada anaweza kuomba asamehewe, akieleza hali yake. Usiache kulipa hadi siku ya mwisho ya miaka mitatu. Mtandao ukigoma siku hiyo, utajutia wiki zote ulizokuwa nazo.

Ukishaingia

Mdaiwa akipokea wito ana siku 21 za kuleta utetezi wa maandishi. Asipoleta, unaweza kuomba shauri lisikilizwe upande mmoja, lakini bado utatakiwa kuthibitisha madai yako. Wewe usipotokea, shauri linaweza kufutwa. Ukiumwa, tuma mtu na cheti cha daktari asubuhi ileile.

Mara nyingi kitu cha kwanza kutoka kwa wakili wa upande wa pili ni pingamizi la awali: shauri limepitwa na muda, mahakama haina mamlaka, hati ina kasoro. Usijibu kwa hasira, omba muda ujibu kwa maandishi. Na jifunze tofauti ya maneno mawili ambayo hakimu anaweza kutumia. Shauri likiondolewa kwa kasoro, unaweza kuirekebisha na kulirudisha, kama muda bado upo. Likitupwa, mlango huo umefungwa, kilichobaki ni rufaa. Mtu wa kawaida akisikia lolote kati ya hayo hukunja bahasha yake akaenda nyumbani, na nimewahi kumkimbilia mmoja hadi stendi ya daladala kumwambia kwamba la kwake limeondolewa tu, arudi.

Kabla ya kusikilizwa kuna usuluhishi, uliowekewa siku 30. Uchukulie kwa uzito. Yanayosemwa humo hayatumiki baadaye kama ushahidi dhidi yako, na mkikubaliana makubaliano yanasajiliwa kuwa amri ya mahakama. Nenda ukijua kiwango chako cha chini, ulichokipigia hesabu nyumbani na watu wako.

Ikishindikana, unasimama kizimbani kama shahidi wa kwanza. Eleza kwa mpangilio wa saa, toa kila karatasi na uombe ipokelewe kuwa kielelezo. Karatasi iliyoambatishwa kwenye hati lakini haikupokelewa kama kielelezo haihesabiwi, na hili limewagharimu wengi. Daktari akisita kuja, omba mahakama imwandikie wito. Kisha wakili atakudodosa. Jibu swali lililoulizwa. Kama ulikuwa unavuka pasipo na kivuko, sema ndiyo. Sheria yetu inaruhusu mahakama kugawanya lawama, ukapunguziwa fidia badala ya kuikosa yote. Ukidanganya kwenye dogo, hakimu atalishuku na kubwa. Kipimo cha kesi ya madai ni nani anaaminika zaidi, hakifiki kile cha jinai.

Ujue pia kwamba anayeshindwa huweza kuamriwa kulipa gharama za mwenzake. Ndiyo sababu kwa kesi za kifo, ambazo zinagusa pia mirathi, kesi za uzembe wa hospitali, ambazo bila daktari mwingine wa kutoa ushahidi hazisimami, na zile za serikali, namwambia mtu atafute wakili kwanza. Watoa msaada wa kisheria bure wapo hapa mjini, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyoanza mwaka 2023, imekuwa ikipita wilayani pia.

Ukishinda, siku hiyohiyo andika barua ya kuomba nakala zilizothibitishwa za hukumu na amri ya mahakama. Kampuni ya bima itazitaka kabla ya kulipa. Ukishindwa, utazihitaji kwa rufaa Mahakama Kuu, ndani ya siku 90. Deni la hukumu huongezeka riba, kwa kawaida asilimia 7 kwa mwaka, na mdaiwa asipolipa unarudi mahakamani kuomba kukazia hukumu, dalali wa mahakama akakamate mali. Haki hiyo inadumu miaka 12. Mwenye bodaboda asiye na kitu leo anaweza kuwa na kiwanja Ihumwa miaka mitano ijayo, kwa hiyo nakala ile iweke mahali pakavu, mbali na bati.